Anayeshika Fagio Ndiye Anayemwona Mnyama Kwanza: Maswali na Majibu

Vivutio vidogo vya wanyama Unguja na Pemba haviendeshwi na madaktari. Daktari wa mifugo huja akiitwa, tajiri huja akipata nafasi, na mtalii hukaa saa moja akenda zake. Anayekuwapo asubuhi hadi jioni ni msaidizi: kijana wa kufagia, kubeba maji, kukata majani na kufungua mabanda. Nimefanya kazi ya mifugo visiwani humu kwa miaka mingi, na mara nyingi nilipoitwa kumtazama mnyama mgonjwa, habari niliyoihitaji ilikuwa kwa huyo kijana. Ndiyo maana niliwaomba wasaidizi, pamoja na wanaoifikiria kazi hii, waniletee maswali. Majina nimeyaacha, kwa kuwa wengine wameeleza mambo ya waajiri wao.

Nimemaliza kidato cha nne, naishi Bububu. Nimeambiwa kuna nafasi ya msaidizi pahala penye kobe wakubwa, chatu na mamba wawili. Sina cheti chochote. Kazi yenyewe ni ipi hasa?

Mwanangu, sehemu kubwa ya kazi ni samadi, maji na majani. Beseni alimooga kobe asubuhi ndimo atakamotaka kunywa mchana, kwa hiyo utalimwaga, utalisugua na kulijaza tena. Utabeba mapolo ya nyasi, utasukuma toroli, na ukirudi nyumbani watakwambia ukaoge kabla hujakaa. Aliyekueleza habari za kupiga picha na wageni tu hajakueleza kazi.

Ila ndani ya kazi hiyo imo nyengine, ambayo mpita njia haioni. Ukifika asubuhi usishike fagio kwanza. Zunguka mikono mitupu. Wahesabu wote, mmoja mmoja, kwa alama zao. Tazama nani yuko pahala pake pa kawaida na nani amehama. Tazama chakula cha jana kimebaki kwa nani. Tazama choo: kipo au hakipo, kigumu au cha majimaji, kina minyoo, kina kipande cha plastiki. Tazama macho, pua, mwendo. Kobe na nyoka huficha maradhi. Mpaka mtu yeyote aone kuwa mnyama anaumwa, mara nyingi ameshaumwa wiki kadhaa, na aliyeweza kuona mapema ni yule anayemjua anavyokuwa siku zote.

Kisha uwe na daftari. Tajiri asipokununulia, nunua mwenyewe. Andika tarehe, mnyama gani, amekula nini na kiasi gani, amepata choo vipi, na jambo lolote geni. Usiandike "yuko sawa", maana neno hilo halimsaidii daktari. Andika "amekula nusu ya majani, amelala kwenye jua hadi saa sita, hakuingia majini". Daktari akija na kukuta daftari la namna hiyo, anaanza kazi akiwa ameshajua mwezi mzima uliopita. Asipolikuta, anaanza kwa kubahatisha, na mnyama ndiye anayelipa.

Jioni hesabu tena kabla ya kufunga.

Nafanya kazi kwenye kiwanja cha kobe. Wageni wanataka kuwapandisha watoto mgongoni wapige picha. Tajiri anasema gamba ni jiwe tupu, kobe haumii, na tukiwakataza hatupati bakshishi. Nimwambie nini?

Mwambie gamba ni mwili. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo. Lina damu na mishipa ya fahamu, ndiyo maana ukimgusa kobe juu ya gamba kwa kijiti anajua umemgusa wapi. Mapafu yake yamelala chini tu ya gamba la juu, na hana kiwambo cha kupumulia kama tulicho nacho sisi. Anavuta pumzi kwa misuli ya miguu na ya tumbo. Mtazame akiwa ametulia utaona miguu ya mbele ikisogea kidogo kila anapopumua. Kwa hiyo akipandwa, akaingiza kichwa na miguu ndani, hata pumzi yake inabanika.

Dume la kilo 200 halivunjiki kwa kumbeba mtoto mara moja, hilo sikatai. Lakini wewe huna mtoto mmoja, una msimu mzima. Kobe anayepandwa kutwa hujifunza kuwa mtu ni tabu. Anajificha vichakani wageni wakiingia, anaacha kula mchana, na mwisho kiwanja kinakuwa na mawe yasiyotoa vichwa. Tajiri akilifikiria hilo ataona kuwa hata biashara yake inaharibika. Mawakala wengi wa utalii wa Ulaya siku hizi wanauliza wanyama wanatendewaje kabla ya kuleta wageni, na picha ya mtoto juu ya kobe inaweza kumfungia mlango ambao hakujua kuwa upo.

Mgeni naye usimkataze ukamwacha mikono mitupu. Mpe la kufanya. Mchukue kwa kobe mkubwa aliyezoea watu, mwoneshe namna ya kumkuna shingoni taratibu, pale ngozi inapokunjana karibu na gamba. Hawa kobe wakubwa, ambao asili yao ni Aldabra, wengi hulipenda jambo hilo: atanyoosha shingo, atanyanyuka kwa miguu yote minne na kusimama hivyo hivyo muda wote anaokunwa. Hakuna mtoto niliyemwona akalitazama hilo kisha akataka tena kupanda. Bakshishi itakuja.

Mambo matatu usiyaruhusu kamwe, hata mgeni awe nani. Kumpindua kobe chali, kwa sababu matumbo yote yanayakandamiza mapafu na mnyama mzito hawezi kujirudisha. Kumlisha kwa vidole, kwa sababu kobe huvutwa na rangi nyekundu na hatofautishi tunda na kidole chenye hina. Na kuondoka bila kunawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kobe mzima kabisa anaweza kubeba vijidudu vya salmonela kwenye choo na ngozi yake, na wanaoumia zaidi ni watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee. Ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni mlangoni ni vitu vya bei ndogo. Viwanja vingi havina, na mimi nasema kiwanja kisicho na maji ya kunawa kisifunguliwe asubuhi hiyo.

Tunawapa kobe kabichi na mikate inayobaki hotelini. Wanaila kwa pupa. Ni sawa?

Mikate acha leo hii. Wanga unachachuka tumboni mwa kobe na kumharibia vijidudu vinavyomsaidia kusaga majani. Kabichi si sumu, ila ni maji matupu, na kobe aliyeshiba kabichi hana nafasi ya chakula chake.

Chakula chake ni nyasi. Huko Aldabra, kisiwa cha Shelisheli wanakoishi kama kobe 100,000 wa mwituni, wanalisha nyasi fupi kutwa, kama ng'ombe wanavyofanya kwetu. Basi nyasi ziwe sehemu kubwa ya polo lako, mbichi au zilizokauka vizuri. Ongeza majani ya mgomba, vipande vya mpungate uliotolewa miba, mchicha kidogo kwa kubadilisha. Embe au papai ni zawadi ya siku mojamoja, na msimu wa maembe zoa yaliyoanguka kiwanjani kabla hawajayafikia, kwani watakula mpaka waharishe.

Majani ya kuokoteza sokoni Darajani au Mwanakwerekwe yaoshe kwa maji mengi, kwa sababu hujui yamepigwa dawa gani na lini. Kagua pia mpira, nailoni na nyuzi za kufungia mafungu. Kobe humeza.

Mfupa mweupe wa dome, yule wa jamii ya ngisi, unaokotwa bure ufukweni. Uoshe, uukaushe, uwatupie. Watautafuna wenyewe kadiri wanavyohitaji, na hasa majike yanayotaga yanauhitaji kwa ajili ya maganda ya mayai.

Kobe wetu mmoja hali vizuri tangu mwezi wa saba uanze. Tajiri anasema ni baridi tu, itapita. Mimi nina wasiwasi.

Tajiri anaweza kuwa sahihi, na wasiwasi wako pia ni wa haki. Kobe hajitengenezei joto, analipata kwenye jua. Kipupwe kikiingia na upepo wa kusi ukivuma, asubuhi inakuwa ya ubaridi, jua linachelewa kumfikia na tumbo lake linafanya kazi polepole. Kobe wote wakipunguza kula kwa pamoja, hiyo ni hali ya hewa.

Wako wewe ni mmoja. Mtazame puani: kuna mapovu, kuna ute? Anafungua mdomo kupumua? Anatoa mluzi? Anabaki na macho yaliyofumba mchana? Ukimnyanyua mguu anauvuta kwa nguvu au unalegea? Mapovu puani na mdomo wazi ni dalili za mapafu, na hapo hakuna kungoja. Muite daktari siku hiyo hiyo, mhamishie pahala pakavu panapopata jua la asubuhi, na usimlazimishe kula.

Kama dalili hizo hakuna, anzia kwenye choo. Hajapata choo kwa siku nyingi? Yumkini amemeza kitu. Mweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika kidevuni, nusu saa, kila siku. Mara nyingi hunywa humo na kujisaidia humo humo. Siku saba zikipita bila mabadiliko, ita daktari, na kama tajiri anasita kwa ajili ya pesa mwoneshe ulichoandika siku kwa siku.

Na kwa kuwa umenigusia hali ya hewa, nisisahau upande wa pili: jua la mwezi wa pili linaua kobe kuliko baridi ya mwezi wa saba. Kule kwao Aldabra kobe wanaochelewa kufika kivulini hufa kwa joto. Kiwanja kisicho na miti kiwekewe mabanda ya makuti na dimbwi la matope, na kivuli kiwatoshe wote kwa wakati mmoja, la sivyo madume makubwa yatawatoa wadogo nje.

Kuna mtu amenijia mara mbili. Anataka vitoto viwili vya kobe, anasema mwenyewe hatajua kwa kuwa vimeanguliwa vingi. Pesa anazotaja ni kubwa kuliko mshahara wangu. Namkataaje bila ugomvi?

Umefanya vyema kuandika. Najua mshahara wenyewe ulivyo na sitakuhubiria kama mtu asiyejua njaa.

Nitakupa historia ya Changuu, kile kisiwa kidogo cha kobe karibu na mji wa Unguja, kisha uamue. Kobe wanne wa mwanzo waliletwa pale mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Shelisheli. Wakazaliana mpaka katikati ya miaka ya 1950 wakafika kama 200. Halafu wakaanza kuibiwa, wengine kwa ajili ya nyama, wengine kuuzwa nje kama wanyama wa kufuga majumbani. Mwaka 1988 walikuwa kama 100. Mwaka 1996 walibaki 7. Wakaletwa vitoto 80 kuongeza idadi, na katika hao 40 wakapotea tena. Ndipo kikajengwa kiwanja chenye uzio mkubwa cha kuwalinda, na ndicho wanachokiona wageni wa leo. Wale hawakuruka ukuta wenyewe. Kila mmoja alichukuliwa na mtu aliyeambiwa kuwa "hakuna atakayejua".

Kobe huyu yumo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kumtoa nchini bila kibali ni kosa, na akikamatwa bandarini au uwanja wa ndege watu wataanza kuuliza ametoka banda gani na nani alikuwa na ufunguo. Anayenunua atakuwa keshasafiri, utakayebaki kuulizwa ni wewe.

Namna ya kumkataa: mwambie vitoto vyote vimepigwa picha na kuandikwa, na vinahesabiwa asubuhi na jioni. Kisha lifanye neno hilo liwe kweli siku hiyo hiyo. Piga picha ya gamba la chini la kila kitoto, kwani michoro yake hutofautiana. Mwambie na tajiri kuwa kuna mtu anaulizia, bila kungoja aje mara ya tatu. Akiendelea, peleka habari Idara ya Misitu au kwa sheha wako.

Natunza farasi wawili wa kupandwa ufukweni, upande wa mashariki. Kwato za mmoja zinanuka vibaya, na mwengine amewahi kugaragara na kutoka jasho jingi mpaka tukadhani anakufa. Hatuna daktari karibu.

Harufu ya kwato ni kuoza. Chini ya ukwato kuna sehemu laini yenye pembe tatu, na pembezoni mwake mna mifereji. Samadi na mkojo vikikaa humo sehemu hiyo inaoza, inakuwa nyeusi na yenye ute. Chokoa kwato zote nne kila siku, kuanzia kisigino kwenda mbele, kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Osha, kausha kwa kitambaa, paka ayodini kwenye ile mifereji. Muhimu kuliko dawa ni pahala anaposimama usiku: pakiwa na unyevunyevu hutamponya. Akianza kuchechemea, au ukichokoa pakatoka damu, basi hapo ni kazi ya daktari.

La pili ndilo linalonitisha. Kugaragara na jasho ni tumbo, na farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia kikikwama hakina pa kutokea. Zijue dalili za mwanzo kabla hajafika kugaragara: anageuka kuutazama ubavu wake, anachimba chini kwa mguu wa mbele, anaukunja mdomo wa juu, anakataa chakula, hapati choo. Ukiona mawili katika hayo, muondolee chakula chote, maji muachie, mtembeze taratibu na piga simu. Usimpe dawa ya mtu wala ya ng'ombe. Sikiliza moyo nyuma ya kiwiko cha kushoto: farasi mzima aliyetulia hupiga kati ya 28 na 44 kwa dakika. Ukihesabu 60, mwambie daktari namba hiyo hiyo kwenye simu, naye atajua afanye haraka kiasi gani.

Nyinyi wa ufukweni mna sababu yenu maalumu, nayo ni mchanga. Farasi akilishwa nyasi zilizotupwa chini anameza mchanga pamoja nazo, siku baada ya siku, na mchanga mzito unatulia tumboni. Jaribu hivi: okota madonge matano ya mavi yasiyogusa ardhi, yatie kwenye ndoo ya maji safi, koroga, ngoja robo saa, kisha mwaga maji taratibu na utazame kilichobaki chini. Mchanga ukijaa kijiko, una tatizo. Lisha kwenye karai au juu ya turubai, siku zote, hata kama ni usumbufu.

Mzigo nao upime. Anachobeba, tandiko likiwamo, kisizidi sehemu moja ya tano ya uzito wake. Farasi wa kilo 350 asipite kilo 70, na watalii wengi wazima watalipita hilo. Iambie kampuni yako. Wakirudi baharini waoshe kwa maji matamu, chumvi iliyokauka chini ya tandiko ndiyo inayofungua vidonda vya mgongo.

Jambo moja tunaweza kulishukuru: mbung'o wanaoeneza nagana, maradhi ya damu ya mifugo, hawako tena Unguja. Kisiwa kilitangazwa kuwa safi mwaka 1997, baada ya madume walioondolewa uwezo wa kuzalisha kwa mionzi kumwagwa kwa ndege kwa miaka kadhaa, msitu wa Jozani ukiwamo. Kupe hata hivyo wapo. Watafute masikioni, chini ya mkia na mapajani kila jioni.

Mimi ni mama, niko Wete. Binti yangu amepata kazi Unguja ya kusaidia kutunza chatu na mamba. Majirani wanasema si kazi ya mwanamke. Nakuomba ushauri wako.

Bi mkubwa, mamba hamuulizi mtu kama ni mwanamke au mwanamme. Kazi hii inataka mtu mtulivu, msafi na mwangalifu, na nimewaona wasichana wanaoifanya vizuri sana. Badala ya kumuuliza binti yako kama inafaa, muulize pahala penyewe pana taratibu gani.

Je, wanaingia kwa mamba wawili wawili, mmoja akiwa na ubao au fimbo ndefu ya kukinga? Mamba anakaa kimya saa nzima kisha anaruka kwa haraka ambayo mguu wa mtu hauiwezi. Hapewi mgongo, na maji hayachotwi ukingoni mwa bwawa lake. Je, chatu anayezidi mita mbili na nusu anashikwa na watu wawili? Mtu mmoja hashiki chatu mkubwa, wala havishwi mgeni shingoni. Akijizungusha, afunguliwe kuanzia mkiani. Je, wananawa mikono baada ya kushika kuku wa kulisha, kabla ya kugusa banda? Chatu hana sumu lakini hufuata harufu, na kuumwa kwingi kunatokea mkono ukiwa unanuka chakula. Je, kuna kufuli mbili, na ufunguo una pahala pake?

Ukijibiwa ndiyo, muache mtoto afanye kazi kwa baraka zako. Ukijibiwa kuwa wanyama wao "wameshazoea watu", mwambie arudi nyumbani.

Kuhusu nguo: ushungi mfupi uliobanwa, suruali pana na kanzu fupi, buti za mpira. Baibui na kanga viachwe nje ya kizimba, vinanasa.

Nasaidia kwenye bwawa la kasa. Juzi mmoja alikufa, na wazee wawili wakaja kuomba nyama. Mimi nilizaliwa Pemba na nimeila utotoni bila kudhurika. Nilikosea kuwanyima?

Umewaokoa. Mwezi Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, huko huko Pemba, watoto wanane na mama mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 wakalazwa. Mwaka 2021 Pemba ilipoteza watu saba kwa sababu hiyo hiyo, akiwamo mtoto wa miaka mitatu. Sumu hiyo kasa huipata kwenye anachokula. Haionekani, hainuki, hailemazi kasa mwenyewe, na haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Inapita hata katika maziwa ya mama, kwa hiyo mtoto anayenyonya anaweza kufa bila kuonja nyama. Kasa uliyemla utotoni hakuwa nayo, na mwengine wa bahari ile ile anaweza kuwa nayo. Hakuna fundi wa kupika anayeweza kumjua.

Habari ya halali na haramu waulizwe masheikh. Mimi naongelea uhai. Pia kasa analindwa kisheria, hata akiwa mfu nyama yake si ya kugawa. Toa taarifa kwa maofisa wa uvuvi, kisha mzike mbali na bwawa, shimo la kina, mbwa wasimfukue.

Na kwa kuwa uko bwawani, jifunze la kuokoa pia. Wavuvi wakikuletea kasa aliyenasa nyavuni na akawa kama amekufa, usimrudishe majini. Mlaze kwa tumbo kivulini, sehemu ya nyuma iinuliwe kiasi cha shibiri moja ili maji yatoke mapafuni, mfunike kitambaa kibichi bila kuziba pua. Mpe hata siku nzima. Nungwi, pale Mnarani ambapo wanakijiji walianza kutunza kasa kwenye bwawa la bahari mwaka 1993, wapo watu wenye uzoefu wa miaka mingi wa mambo haya. Nenda ukakae nao japo siku mbili.

Ramadhani inakuja. Tunafunga, na kazi ya jua kali ni nzito. Tupunguze nini?

Msipunguze maji ya wanyama, wala kuzunguka kwa asubuhi. Vyote vizito vifanyeni baada ya sala ya alfajiri: samadi, kubeba majani, kusugua mabeseni. Mchana kaeni na kazi za kivulini, kama kurekebisha uzio na kukagua kufuli. Mamba na chatu walisheni siku ambayo wawili wenu mna nguvu kamili, na kamwe si saa ya mwisho kabla ya futari, saa ambayo mikono ina haraka. Mwenye kizunguzungu asiingie kizimbani, mwenzake amsitiri.

Napenda kazi hii na nataka kusoma zaidi. Nianzie wapi?

Ukitaka upande wa mifugo na uganga, chuo cha kilimo Kizimbani, ambacho sasa kiko chini ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ndicho cha karibu. Bara kuna LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, yenye kampasi kadhaa, na kwa shahada ya udaktari wa mifugo ni Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Ukivutwa zaidi na wanyamapori, kipo Mweka karibu na Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1963, na Pasiansi Mwanza. Baolojia na kemia ndizo zitakazokufungulia, hivyo kama matokeo yako ya skuli yana pengo hapo, rudia mitihani hiyo kwanza.

Nina miaka mitatu kazini, silipwi kwa mkataba, nalipwa mkononi. Mwezi uliopita farasi alinikanyaga mguu na matibabu nikajilipia. Tajiri ni mtu mwema, sitaki kumkosea.

Kudai karatasi si kumkosea mtu mwema. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, namba 11 ya mwaka 2005, inamhusu kila mwajiriwa, awe hotelini au bandani kwa punda. Miaka mitatu si kibarua. Muombe mkataba ulioandikwa, wenye kazi yako, mshahara, likizo, na nani anagharamia ukiumia. Mpe na orodha fupi ya unayohitaji ili usiumie tena: buti zenye ncha ngumu, glavu, sanduku la huduma ya kwanza, na chanjo ya pepopunda kwa wote wanaoshika samadi na wanyama. Hayo hata yeye yanamlinda.

Risiti za hospitali zitunze, na andika tarehe ya ajali pamoja na aliyeshuhudia. Akichelewa kukujibu, ofisi ya Kamisheni ya Kazi inasikiliza mambo haya. Halafu nenda ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii ulioanzishwa mwaka 1998, uchukue kitambulisho chako, uulize kama jina lako limo na michango inaingia. Usimwambie mtu kwanza. Nenda uulize tu.